CHIPSI ZA NYUMBANI HAZIDAI FADHILA

Leo mwenzenu naingia jikoni. Najua wapo watakaoguna, maana wamezoea nizungumzie mapenzi na mavazi. Tulieni. Mapenzi leo pia yamo, ila yamekaa ndani ya sahani.

Nazungumzia chipsi. Kwa hapa Dar es Salaam, sijui kama kuna chakula cha ujana kuliko hicho. Toka Mbagala mpaka Mwenge, kila kona utakuta kabati la kioo lenye taa ndani, karai la mafuta yanayochemka na kijana anayegonga mayai kwa mkono mmoja kama anapiga ngoma. Mshahara ukitoka, chipsi kuku. Mshahara ukikata, chipsi kavu na kachumbari ya bure. Mtu akitaka kuonyesha kwamba amekupenda, hakuletei maua, anakuuliza: "Nikuchukulie zege?"

Pamoja na umaarufu wote huo, chipsi zimebebeshwa kesi isiyo yao. Nani hajawahi kumsikia mtu mzima akisimama jukwaani au kwenye kikao cha shule na kusema mabinti wanaponzwa na chipsi? Maneno haya tumeyasikia tangu tukiwa na sare, mpaka yamekuwa kama wimbo. Binti akiacha shule, chipsi. Binti akipata mimba, chipsi na lifti ya bodaboda.

Mimi nasema hapana. Chipsi haina mdomo, haimtongozi mtu. Kiazi hakijawahi kumsimamisha binti njiani kikamwomba namba ya simu. Nyuma ya ile sahani yupo mtu, tena mara nyingi mtu mzima mwenye akili zake, aliyemwona mtoto wa mwenzie ana njaa akapiga hesabu. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Lakini hebu tuulizane: aliyeshiba anayemtega mwenye njaa, yeye miiko yake iko wapi?

Mnaona nimeshapanda hasira, na karoti sijamenya. Sababu ninayo.

Nina mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Tunaishi Temeke na mama yetu. Mdogo wangu anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kugombania daladala, maana makondakta na wanafunzi hamjui wanavyopendana. Kurudi ni saa kumi na moja jioni. Katikati hapo kuna uji, kuna mihogo ya kukaanga siku ambayo mama amepata, na siku nyingine kuna maji tu. Mtoto wa miaka kumi na tano anakua, tumbo lake halijui kwamba mwezi uko tarehe ishirini na saba.

Jioni moja akaingia na kimfuko cha kaki, harufu ikatangulia mlangoni. Chipsi za moto, na vijiti viwili juu.

"Umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kanipa kaka mmoja wa bodaboda."

"Anataka nini?"

"Mbona hajasema kitu, dada."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa. Akasema taratibu, "Hajasema bado."

Nyumba nzima ikanyamaza. Nilimwona mdogo wangu anakitazama kile kimfuko, anatutazama sisi, hajui aendelee kula au aache. Kisha akala, kwa sababu ana njaa. Na mimi nisingemnyang'anya. Ukimpokonya mtoto chakula mdomoni na wewe huna cha kumpa, umemfundisha kitu kimoja tu: kesho alie barabarani, asije nacho nyumbani.

Mama alifanya lake. Kesho yake alijifunga khanga mbili, akaenda kijiweni, akamwuliza mwenyekiti wa bodaboda kwa upole kabisa kama vijana wake wanajua kwamba kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Hiyo ni sheria, tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016. Mwenyekiti aliitikia shikamoo mara mbili kwa woga.

La kwangu mimi lilikuwa jikoni. Nilijiambia hivi: huyu mtoto hapendi bodaboda, anapenda chipsi. Basi chipsi ziwepo nyumbani. Tatizo ni mafuta. Karai la chipsi linataka lita nzima na zaidi, na tangu bei ya mafuta ya kula ilipopaa mwaka 2022, mama amekuwa akiyapima kama dawa ya kikohozi. Nikaulizauliza, nikafikia uamuzi: chipsi za kuoka. Siyo za viazi mviringo, bali za viazi vitamu na karoti, kisha zinapakwa rojo la ukwaju na asali. Mafuta ni vijiko viwili tu vya chakula.

Sasa kaeni vizuri, wapishi wangu, nawapa siri.

Nunua viazi vitamu kilo moja. Kama ukibahatika, chukua vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinaitwa viazi lishe. Rangi hiyo siyo urembo. Ni ile ile iliyomo kwenye karoti, na mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Viazi vyetu vyeupe vitamu kweli, lakini hiyo hawana. Na hawa viazi lishe wana heshima zao: mwaka 2016 mwanasayansi wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, yeye kwa kazi ya kuzalisha mbegu za viazi hivyo. Kwa hiyo ukimwona mama wa gengeni ameviweka chini ya meza, mwambie hiyo ni mali ya tuzo. Usipovipata, vya Gairo au vya kokote vitafaa.

Menya, kata vipande virefu vyenye unene wa kidole, tena vilingane. Hapo msibabaishe. Kipande chembamba kikiwa pamoja na kinene, kimoja kitaungua wakati mwenzie bado mbichi, kama ndoa za siku hizi. Karoti tatu nazo kata hivyo hivyo, ila nyembamba kidogo kwa sababu ni ngumu.

Viazi viloweke kwenye maji baridi nusu saa. Utaona maji yanakuwa meupe, huo ni wanga wa juu unaotoka, ambao ndio hufanya chipsi zishikane. Vitoe, vitandaze juu ya kitambaa safi, uvikaushe mpaka viwe vikavu kabisa. Nasema vikavu! Adui wa chipsi za kuoka ni maji. Kwenye karai, mafuta yanakizunguka kiazi pande zote na kukikausha upesi. Kwenye oveni kazi hiyo inafanywa na hewa ya moto, na hewa haina nguvu kama mafuta. Ukipeleka viazi vyenye maji, hutaoka, utachemsha.

Nyunyizia kijiko kimoja kikubwa cha unga laini wa muhogo, tikisa. Huo ndio utaleta ganda la kuliwa kwa sauti. Halafu mimina vijiko viwili vya mafuta, pilipili manga na bizari kidogo, changanya kwa mikono. Chumvi usitie sasa, inavuta maji nje. Ngoja mwishoni.

Washa oveni mapema, nyuzi 220, iwe ya moto hasa kabla viazi havijaingia. Panga kwenye sinia safu moja tu, kila kipande na nafasi yake. Ukivipanga kama abiria wa asubuhi wa Gongo la Mboto, mvuke hauna pa kutokea, utapata viazi vya kuchemsha vyenye rangi. Acha dakika 15, geuza, acha tena dakika 10 hadi 15, kingo zikianza kuwa kahawia.

Nasikia mtu anasema: "We dada, oveni hiyo naipata wapi, mimi nakaa chumba kimoja Tandale?" Swali zuri. Hata kwetu hakuna. Ila bibi zetu walioka mikate ya kumimina kabla umeme haujafika mtaani. Chukua sufuria kubwa zito, tia mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili, funika na uweke jikoni mpaka mchanga uwe wa moto. Weka vijiwe vitatu, juu yake sinia dogo la bati lenye viazi. Funika, kisha palia mkaa juu ya mfuniko, juu uwe mwingi kuliko chini. Kila baada ya dakika 10 inua mfuniko kidogo mvuke utoke, na ukifika katikati ya safari geuza viazi. Itakuchukua kama dakika 45. Jiko liwe nje au penye hewa, maana moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na sitaki kuzikwa kwa ajili ya chipsi.

Tukija kwenye rojo, hapo ndipo utamu ulipolala. Loweka ukwaju, kiasi cha vijiko viwili vikubwa, kwenye nusu kikombe cha maji ya moto. Uvuruge, uchuje, mbegu utupe. Kwenye kisufuria weka maji hayo ya ukwaju, vijiko viwili vya asali, kijiko kimoja cha soya sosi, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa na kipande cha pilipili mbuzi, kadiri ya ujasiri wako. Asali ya Tabora inapendeza sana hapa kwa ile harufu yake ya msituni. Usipokuwa nayo, sukari guru itakutoa. Chemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka rojo liwe zito na lishike mgongo wa kijiko.

Sasa sikiliza, hapa wengi hukimbilia. Rojo halipakwi mwanzo. Asali inaungua upesi, ukiitia tangu mwanzo utapata mkaa mtamu. Subiri viazi viive na vikauke, ndipo upake kwa kijiko au brashi, urudishe kwenye moto dakika tatu mpaka tano tu. Ling'ae, lishike, basi toa. Nyunyiza chumvi, uache zipoe dakika tano hapo hapo kwenye sinia, zitakazana zenyewe. Na mwenye mtoto mchanga asimwonjeshe: asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Mzee mwenye kisukari naye mpe zile ambazo hazijapakwa, tena kwa kiasi, kwani hata kiazi chenyewe kina utamu wake.

Niwe mkweli, kwani safu hii haiuzi uongo. Hizi hazitakuwa ngumu na kavu kama chipsi za kabatini. Kiazi kitamu kina sukari nyingi kuliko kiazi mviringo, kwa hiyo ndani kinabaki laini. Nje inakatika, katikati inayeyuka, kisha ukwaju unakukamata huku kwenye taya, asali inakubembeleza, na pilipili inakuja mwisho kama mgeni aliyechelewa sherehe.

Siku ya kwanza nilipomwekea mdogo wangu mezani, alizitazama akacheka.

"Dada, Ramadhani bado. Hii si futari?"

"Kula kwanza."

Akachukua kimoja. Akachukua cha pili. Akaanza kulamba vidole. "Zinanata kama pipi ya ukwaju," akasema, na hakusema tena mpaka sinia likabaki na alama za rojo. Mama alikuja kuchungulia akakuta karoti mbili. Akazila zote mbili akiwa amesimama, akasema anaonja chumvi.

Tangu hapo ikawa desturi. Jumapili jioni tunakata viazi vya siku mbili, tunavikausha. Viazi vya buku na karoti za jero zinatosha watu watatu, na asali chupa moja ndogo inakwenda wiki kadhaa. Siyo kila siku tunapata, nisiwadanganye. Siku za ukwasi zinakuja na karoti, siku za ukata zinakuja bila rojo. Lakini mdogo wangu anajua kwamba akifika nyumbani kuna kitu kinamsubiri. Ameanza kuja na rafiki zake wawili wa darasani. Wanakata, wanapaka rojo, wanacheka, wananisimulia mambo ya shule ambayo zamani asingenisimulia hata kwa kiboko. Mambo mengi ya mtoto utayasikia mikono yake ikiwa na kazi na mdomo wake ukiwa na chakula.

Wiki mbili zilizopita kijana yule yule, au mwenzie, sina hakika maana wote wanavaa jaketi moja, alimsimamisha pale kona. Mkononi kimfuko cha kaki.

"Nimekuletea zako."

Mdogo wangu akamwambia, "Ahsante kaka, kwetu zipo."

Alinisimulia huku anavua viatu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Wala hakujua kwamba mimi machozi yalikuwa karibu. Kwetu zipo! Maneno mawili tu. Hakumtukana, hakukimbia, hakutoa hotuba. Alikuwa ameshiba, au alijua atashiba, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumnunua kwa shilingi 2,000.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kila binti aliyekula chipsi za mtu ana kosa. Hapana. Mwenye kosa ni aliyezitega. Wala sisemi kwamba sinia la viazi litamlinda kila mtoto wa kike wa mji huu. Wapo wanaokaa mbali na shule, wapo wanaopanga vyumba vya mitaani na umri wao mdogo, wapo ambao nyumbani hakuna hata mkaa. Wengine yamekwishawakuta. Mwaka 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi kwenye shule za kawaida, na hilo ni jambo la heri, tuwapokee bila kuwanyooshea vidole. Ninachosema ni kwamba badala ya kusimama jukwaani kuwatisha mabinti na chipsi, mtu mzima mwenye nafasi aulize kwanza: huyu mtoto amekula nini tangu asubuhi? Jibu lake ndilo liwe hotuba.

Na nyie kaka zangu mnaouza chipsi, msininunie. Mimi bado mteja wenu, ile kachumbari yenu ya Ijumaa siiachi. Badilisheni mafuta tu yakishakuwa meusi, tafadhali, maana siku nyingine mtu anakula chipsi anasikia ladha ya samaki wa juzi.

Kwa mabinti wenzangu tulio mtaani, tuliomaliza kidato cha nne na tunatafuta maisha huku na kule, hili ni letu pia. Mtu akikuchukua kula, nenda ukipenda. Lakini nenda ukiwa umeshiba. Ukikaa mezani bila njaa utamsikia vizuri anachosema, na utaona vizuri anakokutazama. Akifaa, mkaribishe Jumapili naye akate karoti. Mwanaume anayeweza kukausha viazi kwa kitambaa mpaka viwe vikavu kabisa, huyo ana subira, mfikirie.

Haya, Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Ukwaju upo sokoni, mkaa upo, viazi vipo. Mkijaribu niambieni rojo lenu limetoka vipi, na kama kuna aliyepata njia ya kuzifanya ziwe ngumu zaidi bila karai la mafuta, asininyime. Wiki ijayo tunarudi kwenye mavazi, maana kuna suruali nimeziona Kariakoo jamani, acha tu.